Zotero kwa vyanzo vya Kiswahili: kazi iko kwenye visanduku vitatu

Zotero ni programu huria, ya bure, iliyoanza mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Inatunza taarifa za vyanzo vyako, kisha inaziandika kwa mtindo unaotakiwa na idara: APA, Chicago, MLA au mwingine. Kwa anayeandika tasnifu, hatujaona ya bure inayoishinda. Ila ukiijaza ovyo nayo itakutolea ovyo, na kwa vyanzo vya Kiswahili makosa karibu yote yanatoka kwenye visanduku vitatu: jina la mwandishi, "Language" na "Extra".

Kuingiza chanzo ni rahisi. Sakinisha programu kwenye kompyuta, kisha kiendelezi chake kwenye kivinjari. Ukifungua makala kwenye hazina za makala za kitaaluma kama JSTOR au AJOL, bofya alama ya kiendelezi na taarifa zinaingia zenyewe. Kwa kitabu, bofya kitufe chenye picha ya fimbo ya uchawi, bandika ISBN (namba ya utambulisho ya kitabu). Hapo ndipo vitabu vyetu vinapoanza kusumbua. Namba zinazoanza na 978-9976 au 978-9987 (Tanzania) na 978-9966 (Kenya) hupatikana ikiwa kitabu kimeorodheshwa na maktaba kubwa. Vya zamani na vya wachapishaji wadogo mara nyingi havitokei. Jaza kwa mkono, ukisoma ukurasa wa hakimiliki wala si jalada. Angalia pia usichanganye toleo na chapa: kitabu kilichotolewa 1990 na kupigwa chapa tena 1995 bila mabadiliko bado ni cha 1990.

Sasa jina. Zotero ina kisanduku cha jina la ukoo na kingine cha majina mengine. Ukiligawa jina la Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye visanduku hivyo viwili, utapata mwandishi aitwaye "Takwimu, Ofisi ya Taifa ya", na kwenye orodha atakaa chini ya T. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Kitumie kwa kila taasisi, wizara na tume. Majina yenye "bin" au "wa" yakague moja moja, kwa sababu katalogi moja huyapanga hivi na nyingine vile, na mwandishi mmoja huishia kuonekana wawili.

Kisanduku cha "Language" ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mitindo kama Chicago na MLA hukuza herufi za mwanzo za maneno ya kichwa cha habari kwa kanuni za Kiingereza, na programu haijui kwamba "ya" na "wa" ni maneno madogo. Kikiachwa kitupu, "Ufugaji wa nyuki katika misitu ya miombo" kinatoka "Ufugaji Wa Nyuki Katika Misitu Ya Miombo". Andika sw humo na kichwa kinabaki kama ulivyokiandika. Ni herufi mbili tu, lakini usipozijaza utasahihisha vichwa 80 kwa mkono usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi.

Bibliografia yenye maelezo (orodha ya vyanzo ambapo kila kimoja kina maelezo mafupi chini yake) inawezekana, ila haiji na programu moja kwa moja. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "Cite", fungua hazina ya mitindo na utafute neno "annotated". Kuna mtindo wa aina hiyo wa APA na wa Chicago. Sakinisha unaokufaa, kisha andika maelezo yako kwenye "Extra" ya kila chanzo, nayo yatachapwa chini ya rejeleo lake. Kabla ya hapo kifungue kisanduku hicho ukisafishe: vitabu vilivyotoka Google Books au katalogi za maktaba huja na mistari kama "Google-Books-ID" au "OCLC" na namba zake, na mistari hiyo inaweza kuchapwa pamoja na maneno yako. Usiyaweke maelezo kwenye "Notes", mtindo hauyaoni huko.

Programu haitakuandikia maelezo yenyewe, na wanafunzi wengi huanguka hapo. Maneno 100 hadi 150 yanatosha kusema mwandishi anadai nini, ametumia ushahidi gani, wapi ni dhaifu, na utamtumia wapi kwenye kazi yako. "Makala hii ni nzuri na ina taarifa nyingi" haimwambii msimamizi chochote. Tuseme makala inategemea mahojiano na wafugaji 40 wa wilaya moja bila kupima asali iliyovunwa: andika hivyo, kisha sema utaichukulia kwa mitazamo ya wafugaji tu, si kwa kiasi cha mavuno. Kunakili muhtasari wa mwandishi na kuubandika kama maelezo yako ni wizi wa kitaaluma, hata kama mtindo wa marejeleo ni safi kabisa.

Usirekebishe maelezo ndani ya Word. Orodha ikijisasisha, maandishi ya kwenye "Extra" yanarudi na ulichobadilisha kinafutika. Rekebisha kwenye Zotero.

Udhaifu upo. Word na LibreOffice za kompyuta zina kiunganishi cha Zotero, Google Docs pia, lakini WPS Office iliyojaa kwenye laptopu za wanafunzi haina kiunganishi rasmi; huko utanakili orodha iliyokamilika na kuibandika tu. Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na PDF za kuskani huimaliza upesi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Asiyetaka kulipa azime usawazishaji wa mafaili (hii huokoa bando pia), aache ule wa taarifa, ambao hauna kikomo, na folda ya Zotero ainakili kwenye flashi kila wiki, programu ikiwa imefungwa. Folda hiyo usiihamishie ndani ya Dropbox, OneDrive wala Google Drive: hifadhidata huharibika.

Fimbo ya uchawi ina matumizi mengine siku hizi. Rejeleo ulilopewa na roboti ya mazungumzo, bandika humo DOI yake (namba ya utambulisho ya makala). Ikileta makala tofauti, rejeleo hilo usilitumie kamwe. Isipoleta kitu, litafute kwenye jarida lenyewe kabla ya kuliamini.

Kwa insha ya kurasa nane yenye vyanzo vitano, Zotero ni mzigo. Tumia ZoteroBib, tovuti ya timu hiyohiyo, isiyohitaji akaunti na inayofunguka hata kwenye simu. Orodha hukaa kwenye kivinjari, kwa hiyo kwenye kompyuta ya steshenari inakili kabla ya kuondoka.

Anayeandika tasnifu kwa Kiswahili atakuta mtindo wa Kiingereza umemwachia "and" na "In" kwenye orodha. Hayo yaache hadi mwisho: hifadhi nakala ya pili ya faili, bofya "Unlink Citations" kwenye nakala hiyo, ndipo uweke "na" na "Katika" kwa mkono.