Kukata bima kwa simu: kuingia dakika ishirini, kutoka wiki sita

Nianze kwa kusema sijalipwa na mtu. Nauza vitenge Ngamiani, Tanga, na gari langu dogo, Toyota IST, ndilo linalonifuatia mzigo Dar mara mbili kwa mwezi. Kampuni ya bima ninayoizungumzia sitaitaja jina, kwa sababu nilipowauliza wenzangu sokoni, wa kampuni nyingine walinisimulia mambo yale yale.

Mwaka 2019 nilikata stika ya bima ya gari kwa kijana aliyekuwa na meza karibu na stendi. Karatasi safi, muhuri wa bluu, risiti juu. Miezi mitatu baadaye, pale Segera, askari wa usalama barabarani akainama kwenye kioo, akaikwangua stika kwa ukucha, akaniuliza, "Mama, hii umeipata wapi?" Ilikuwa feki. Laki moja na elfu kumi na nane yangu ilikwenda hivyo, faini ikafuata, na meza ya stendini nilipoirudia nilikuta inauzwa miwa.

Kwa hiyo Novemba 2023, binti yangu aliponiambia bima siku hizi inakatwa kwa simu, nilimjibu kwamba kama wananiibia nikiwa nawatazama usoni, je nisipowaona? Akanionyesha ukurasa wa TIRA MIS, wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Unaandika namba ya gari, unaletewa kampuni iliyolikatia bima, bima ilianza lini na inaisha lini. Hapo ndipo nilipolegea.

Nilikata nikiwa nimekaa dukani, mvua inanyesha, wateja hakuna. Nikapakua programu ya kampuni, nikaweka namba ya gari, nikapiga picha kadi ya gari. Wakataka picha za gari pande zote nne, ya dashibodi inayoonyesha kilomita, na ya namba ya chesisi. Hiyo ya chesisi ilikataliwa mara tatu kwa sababu ya vumbi, nikaifuta kwa ncha ya kanga, ikapita. Ikaja namba ya malipo, nikalipa kwa M-Pesa, na kabla sijamaliza chai ujumbe ukaingia: bima imeanza, stika hii hapa. Haibandikwi kiooni, iko kwenye simu. Nikaingia TIRA MIS kuhakikisha, nikaikuta. Dakika ishirini jumla, saba kati yake za vumbi.

Safari iliyofuata nilisimamishwa tena Segera. Askari hakutazama kioo wala hakuniomba karatasi. Aliandika namba ya gari kwenye simu yake, akasema, "Sawa mama, safari njema." Nilikaribia kushuka nimpe mkono.

Sasa tuje kwenye kasoro.

Programu ilinipa vitufe viwili tu, bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ndiyo inayotakiwa na sheria: ukimgonga mtu au ukiharibu mali yake, kampuni inamlipa yeye, gari lako utajijua. Hiyo wakati ule ilikuwa 100,000 na VAT asilimia 18, ndiyo ile 118,000 tuliyoizoea. Bima kubwa inalipia na gari lako, inapigwa kwa asilimia ya thamani yake. Gari langu liliandikwa milioni 11, kwa asilimia 3.5 ikawa 385,000, na VAT ikafika 454,300. Nikalipa. Hakuna mahali nilipoulizwa kama nimeelewa. Mkataba ulikuja kwa baruapepe, kurasa kumi na sita za Kiingereza. Nani anasoma kurasa kumi na sita kwenye kioo cha simu, tena Kiingereza cha wanasheria? Mimi nilitafuta jina langu, nikaona limeandikwa sawa, nikafunga.

Juni 2024, Barabara ya Kumi na Mbili hapa hapa Ngamiani, bodaboda akaniparamia nyuma. Taa ikavunjika, bampa likapasuka. Kijana mwenyewe mzima, anatetemeka, "nisamehe mama yangu." Nikaingiza namba ya pikipiki yake TIRA MIS pale pale barabarani: bima yake iliisha Machi. Basi, kwa upande wake hakuna cha kudai, nikashukuru kwamba nilikata kubwa.

Kwenye programu kuna kitufe chekundu cha kutoa taarifa ya ajali. Nilikibonyeza, nikatuma picha, nikajibiwa kwamba nitapigiwa ndani ya saa 24. Nilipigiwa siku ya tano, baada ya mimi kupiga mara sita. Na kilichofuata hakikuwa na simu hata kidogo: fomu ya madai ijazwe kwa mkono, ripoti ya polisi na mchoro wa ajali, nakala ya leseni, makadirio ya gereji, vyote halisi, vitumwe Dar. Nilivituma kwa basi, kwenye bahasha, kama ambavyo marehemu baba yangu angefanya. Gari lililopigwa picha pande zote nne siku ya kuchukua pesa yangu, siku ya kunilipa picha zake hazikutosha, ikabidi nimngoje mkaguzi.

Makadirio yalikuwa 480,000. Baada ya wiki sita niliwekewa 330,000. Nikapiga, dada wa huduma kwa wateja akanieleza kwa upole kwamba 150,000 ni eksesi, yaani sehemu ninayobeba mwenyewe kila nikidai, "ipo ukurasa wa tisa, mama." Kweli ipo. Lakini yule wakala wa zamani, mzee wetu aliyekuwa na ofisi jirani na benki, angekwambia eksesi kabla hujafungua pochi, na angekwambia kwa Kiswahili.

Mume wangu alitaka nipeleke malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa kwa ajili ya wateja kama mimi. Sikwenda, kwa sababu kwa mkataba walikuwa sahihi. Wangenichelewesha wiki nyingine mbili ningekwenda.

Kwa kukata nawapa tisa kwa kumi, hiyo moja ni ya vumbi la chesisi. Kwa kulipa, nne, na hizo nne ni za yule dada mpole. Ujumbe wa kuhuisha bima ulipoingia Novemba nilikata tena kwa simu, ila mara hii nilimpigia kwanza nikamwambia anisomee ukurasa wa tisa, taratibu, huku binti yangu akiandika.