Tathmini ya huduma: wasanii waliochora ukuta wa kituo chetu cha afya

Kamati yetu ilipoamua kupamba ukuta wa nje wa kituo cha afya, ilikabidhi kazi hiyo kikundi cha wasanii wanaotoa huduma ya michoro ya ukutani kwa jamii. Sasa, ukuta huo ukiwa umepigwa na mvua za misimu mitatu, naona ninaweza kuitathmini huduma yao kwa haki.

Kabla ya kuzungumzia picha yoyote waliukagua ukuta wenyewe. Fundi wao aliugongagonga akisikiliza mahali ambapo lipu ilikuwa imeachana na tofali, akagundua kwamba unyevunyevu ulitokana na mfereji wa paa uliokuwa ukivuja, na akakataa kushika brashi hadi mfereji huo ulipotengenezwa. Rangi kuukuu ya plastiki ilikwanguliwa yote, kwa kuwa walichagua rangi ya silikati, ambayo haishikamani na rangi ya namna hiyo. Rangi ya silikati, ambayo Adolf Wilhelm Keim alipewa hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Ujerumani mwaka 1878, haiachi utando juu ya ukuta kama ifanyavyo akriliki, yaani rangi ya plastiki, bali huungana kikemia na madini yaliyomo katika lipu, hivyo unyevu wa ndani hupata njia ya kutoka na rangi haibabuki. Lipu mpya iliachwa wiki 4 ikomae. Nilikuwa miongoni mwa walionung'unika kwamba tunacheleweshwa, na nakiri kwamba nilikosea, maana sehemu yote iliyopakwa silikati haijabanduka hata kidogo. Rangi zenyewe ni za madini, kwa hiyo anayetaka rangi ya waridi ya kung'aa hataipata.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni kwamba silikati ina alkali kali inayoweza kudhuru macho na ngozi, hivyo watoto na wagonjwa hawakuruhusiwa kuigusa. Mchoro unaokusudiwa kuwafariji watu hauwezi kuwaacha wakitazama kwa mbali. Hata ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, inazungumzia kushiriki katika sanaa na si kuitazama tu. Tulipolieleza jambo hili, wasanii walitusikiliza kwa makini na kuleta mbinu inayotumika sana Philadelphia, Marekani, ambako mpango wa michoro ya jamii ulianza mwaka 1984: vipande vya picha hupakwa akriliki juu ya kitambaa chepesi, ndani ya nyumba, kisha hubandikwa ukutani. Hivyo wazee walichora wakiwa wameketi mezani, na wagonjwa wa kliniki ya afya ya akili walichora siku walizojisikia kuweza. Mama mmoja kati yao bado hunionyesha jani alilolipaka yeye, kila tunapokutana pale.

Kwangu mimi, sehemu hiyo ya chini ya ukuta, iliyobandikwa vitambaa, ndiyo bora kuliko zote, ingawa ndiyo itakayochakaa mapema. Kingo mbili za kitambaa zimeanza kuinuka, na mkataba wetu haukutaja popote nani atarudi kuzibandika. Ninawapendekeza wasanii hawa bila kusita, kwa sharti kwamba ziara ya ukarabati ya kila mwaka, na atakayeigharimia, viandikwe kabla ya kutia saini. Sisi tunajadiliana nao jambo hilo sasa.