Karata za Wanafizikia: Hii ya Dirac Imenimaliza

Haya wadau, mzigo umefika. Karata za wanafizikia, kila moja ina picha na kisa: mmoja anasoma, wengine mnataja jina. Ukubwa wa karata mnaujua, tusimalize bando.

Ngoja niisogeze hii kwenye kamera. Mnaona? Paul Dirac, mzaliwa wa Bristol, Uingereza. Dogo wa kamera, sikiliza. Jamaa alikuwa mkimya mpaka wenzake Cambridge wakamtungia kipimo: dirac moja ni neno moja kwa saa! Subiri, nageuza. Anamaliza mhadhara, msikilizaji mmoja anasema, sijaelewa ule mlinganyo wa ubaoni, juu upande wa kulia. Dirac kimya. Ukumbi kimya. Mwenyekiti anamuuliza, mbona humjibu? Anasema: lile halikuwa swali, lilikuwa kauli.

Dogo kacheka kamera imetikisika, mtuvumilie. Na huku chini, maandishi madogo mpaka nikodoe macho: mwaka 1933 anapewa Nobel pamoja na mwanafizikia mwenzake Schrödinger, anataka kuikataa kwa kuogopa kutangazwa. Mwanafizikia mkongwe Rutherford anamwambia, ukikataa ndiyo watakutangaza zaidi. Akaenda kuichukua! Jamani, kisa kitamu hivi unakibana pembeni?

Sasa Einstein. Katoa ulimi nje. Basi! Picha ya 1951, siku anatimiza miaka 72, nyuma hakuna hata neno. Mtu kila mmoja anamjua kwa sura, hapo mnataja nini? Wangemweka Cavendish, yule wa jaribio la kupima msongamano wa dunia, yaani uzito wake kwa ujazo, 1798. Nyumbani aliagiza chakula kwa vikaratasi ili asionane na watumishi wa kike.

Pauli yumo, shukrani. Wenzake walisema akikaribia tu maabara, vifaa vinaharibika. Otto Stern akampiga marufuku maabara yake kule Hamburg. Ah, halafu laivu ya Jumamosi imesogea Jumapili, taa yetu imeungua. Pauli hahusiki, ni umeme wa mtaani.

Bei: elfu arobaini na tano, usafiri juu yako. Nilikuja hapa nikitaka kuwaambia achaneni nazo, maana kwa hela hiyo unabeba pakiti mbili za wachezaji mpira. Lakini zile zina magoli na namba za jezi tu, hakuna anayecheka. Hizi mchangieni watu wanne, mtacheza. Ya Einstein ikipotea, msiitafute.