Kwenda Yukon kwa gari-nyumba: Alaska Highway au Cassiar?

Barabara hizi mbili za kwenda Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, hukutana karibu na mji wa Watson Lake. Alaska Highway, iliyojengwa 1942, ni pana na ina vituo vingi zaidi vya mafuta. Eneo la Liard, baisani (nyati wa Amerika) hulala kando ya lami kama ng'ombe wa kijijini. Wakivuka, subiri tu. Jioni unajitosa kwenye chemchemi ya maji moto, uchovu kwisha.

Cassiar, kama kilomita 725, ni nyembamba zaidi. Hata hivyo, mimi ningepita huku. Ukichepuka kuelekea mji wa Stewart unaiona barafuto (mto wa barafu) ya Bear, kisha kijiji cha Hyder, ambako Julai hadi Septemba dubu huvua samoni kijitoni. Beba pasipoti: Hyder iko Alaska, Marekani, na Kanada watakukagua ukirudi. Tangi nalo, lijaze kila uonapo pampu.