Nimewanunulia wazee kitoto cha mbwa, nyota tatu

Naandika baada ya miezi saba, maana wengi mnasifia siku ya kwanza mbwa akiwa bado ananukia sabuni.

Iko hivi, wazee wangu wako Marangu kule Kilimanjaro, baba 74 mama 69, sisi watoto tumetawanyika wote, nyumba kubwa imebaki na watu wawili na redio. Kila nikipiga simu mama anasema "tupo tu mwanangu" na ile tupo tu ya mama ukishaizoea unajua maana yake. Dada ndo akaleta wazo la mbwa, awachangamshe na alinde nyumba, mimi kwa kiherehere changu nikaingia Instagram nikampata jamaa wa hapa Dar anauza vitoto vya jemani shepadi, laki tatu na nusu, nikalipa siku hiyohiyo. Wazee sikuwauliza. Nilitaka iwe sapraiz.

Muuzaji simtaji jina. Kwa mdomo yuko vizuri, meseji anajibu fasta, picha kibao, akasema mtoto ana wiki 8 na chanjo zote tayari mpaka ya kichaa, kadi hii hapa. Mshamba mimi nikafurahi kuona kadi. Yule daktari wa mifugo aliyemwona kule nyumbani alicheka kwanza, tarehe zote zimeandikwa kwa kalamu moja, hakuna stika ya chupa ya chanjo hata moja wala mhuri. Akanipigia akanielewesha kwamba chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa virusi unaowatapisha na kuwaharisha vitoto vya mbwa, inaanzia wiki ya 6 mpaka ya 8, halafu inarudiwa kila baada ya wiki tatu nne hivi mpaka afike wiki 16, na ya kichaa kwa kawaida anachomwa akiwa na miezi mitatu, kwa hiyo mtoto wa wiki 8 aliyemaliza chanjo zote hayupo. Na alivyomwangalia meno akasema huyu hata hizo 8 hana, katolewa kwa mama yake mapema.

Wiki ya pili akaanza kutapika na kuharisha damu. Parvo. Dripu siku nne, bili ikakaribia bei ya mbwa mwenyewe, na mama anapiga simu analia kama kuna mjukuu kalazwa. Nikamtumia muuzaji meseji, tiki mbili za bluu mpaka leo.

Akapona, baba akamwita Bosi.

Sasa tuje kwa wazee wenyewe maana hapa ndo wengi mnauliza kama ni wazo zuri. Kitoto cha mbwa ni kichanga jamani. Analia usiku, mama na magoti yake saa nane anamtoa nje kwenye migomba akojoe, baridi ya kule mnaijua. Mama akaniambia "umeniletea mtoto na mimi nilishafunga uzazi." Ndala za baba zimetafunwa pea tatu, kuku wa jirani wawili tumelipa, na siku moja akapita katikati ya miguu ya mama kwenye ngazi ya jikoni, mama akaanguka akaumia mkono, bahati haukuvunjika. Hapo ndo nilijuta kabisa. Na hajamaliza kukua, sasa ana kilo 24 na akivuta kamba baba anakwenda nayo. Mkubwa anaweza kugonga 40 huyu.

Lakini.

Baba ambaye alikuwa hatoki zaidi ya getini sasa kila asubuhi yuko njiani na fimbo yake, anasalimia watu, anarudi na habari za kijiji kizima. Mama anaongea na Bosi Kichaga tu, anasema Kiswahili hakielewi. Na simu zangu zimebadilika, zamani dakika mbili tupo tu, siku hizi nusu saa nasomewa mashtaka ya Bosi, kafanya hivi kafanya vile, na mama anacheka.

Kwa hiyo ningerudi nyuma ningewatafutia mbwa aliyeshakua, wa miaka miwili mitatu, hata hawa wetu wa kienyeji, mwili mdogo, ameshatulia, hatafuni ndala. Na ningeuliza kwanza. Rafiki yangu wa Tanga alitaka kuniiga, wazazi wake watu wa swala, mate ya mbwa na udhu haviendi pamoja, akawapelekea paka na wanaelewana vizuri tu. Halafu piga hesabu ya miaka, jemani anaishi 10 mpaka 13 hivi, mimi na dada imebidi tukae tukubaliane nani atamchukua, ni maongezi magumu ila baba mwenyewe kayamaliza kwa kicheko, "huyu ndo atakayenizika."

Kuna kijana tunamlipa anakuja jioni kumkimbiza na kumwogesha, bila huyo wasingeweza. Dawa ya minyoo usiisahau. Chanjo ya kichaa ulizia ofisi ya mifugo ya kata, karibu na tarehe 28 mwezi wa tisa, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingine wanachanja bure.

Nyota tatu, mbili za Bosi, moja ya daktari. Muuzaji hana yake.