Fritidsbanken ya Uswidi: vifaa vya bure, ila kagua kabla hujatoka mlangoni

Karatasi imetoka shuleni: wiki ijayo darasa zima linakwenda barafuni, kila mtoto aje na viatu vya kuteleza na helmeti. Kwa familia iliyofika juzi kutoka Kivu au Bujumbura, karatasi hiyo ni bili. Ukienda dukani unanunua viatu vipya ambavyo mwakani mguu hauingii tena.

Fritidsbanken ni maktaba, ila rafuni hakuna vitabu. Kuna ski, yaani mbao ndefu za kuteleza kwenye theluji, viatu vya barafuni, magongo, helmeti, sledi, na kiangazi mipira na majaketi ya kuokolea majini. Ilianzia Deje, mji mdogo wa mkoa wa Värmland, mwaka 2013, na leo matawi yamepita 100 nchini. Vitu vyenyewe vimetolewa na watu waliokuwa wamevirundika stoo. Unaazima siku 14 na hulipi hata krona moja. Mshahara wako hauulizwi, wala kibali chako cha kuishi. Kwa kawaida huandikwa jina na namba ya simu, basi. Hapo ndipo wanapopata alama zote kwetu: mwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa na mama aliyeingia nchini mwezi uliopita wanapanga foleni moja, na hakuna anayejua nani anaazima kwa shida na nani kwa raha.

Ila vitu vya kutolewa ni mchanganyiko. Kizuri na kibovu vinakaa rafu moja, na mgeni hana jicho la kuvitenga. Mtoto akivaa viatu vibovu siku ya kwanza, ya pili haji.

Tuanze na viatu vya barafuni. Viko vya aina mbili. Vya sanaa vina meno mbele ya chuma. Vya hoki chuma chake kimepinda kidogo mbele na nyuma, hakina meno. Anayeanza husukuma kwa ncha ya mguu kama anavyotembea, meno yanang'ata barafu, anaanguka kifudifudi. Chukua vya hoki, hasa kama mtoto atajiunga na klabu ya hoki au ya bendi (bandy), mchezo wa barafuni wa magongo na mpira mdogo.

Kaa kwenye benchi pale pale umvalishe. Soksi moja nyembamba, si mbili: soksi nene hufanya mguu ucheze ndani, tena hubana damu na vidole huganda haraka zaidi. Mguu ukishaingia, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa, ndipo ufunge kamba. Vidoleni ziwe legevu kidogo, kuanzia juu ya unyayo hadi kwenye kifundo kaza kwelikweli. Akisimama wima vidole viguse mbele kwa mbali. Akikunja magoti virudi nyuma. Kisigino kikinyanyuka, punguza saizi. Kununua kikubwa "akue nacho" ni hesabu ya viatu vya shule, hapa haifai, na kwa kitu cha kuazima haina hata sababu.

Sasa mwangalie kwa nyuma. Vifundo vikilala kwa ndani, mambo ni matatu: kiatu kikubwa, kamba legevu, au buti limechoka. Minya buti kwenye kifundo kwa kidole gumba. Likibonyea kama soli ya ndala, rudisha rafuni. Watoto wengi wanaoambiwa hawana mizani wamevalishwa buti la namna hiyo.

Halafu makali. Chuma cha kiatu kina kingo mbili na mfereji katikati. Kwaruza ukucha juu ya kila ukingo: ukiacha unga mweupe, panakata, ukiteleza bila alama, ni butu, na mtoto atakuwa akisukuma mguu unakwenda pembeni naye hasogei. Muulize mhudumu kama tawi linanoa. Kama hawana mashine, uliza kwenye ukumbi wa barafu. Vikishanolewa, visikanyage zege wala lami: chembe za mchanga hula makali kwa hatua chache tu. Tembea kwenye mikeka ya mpira, au vaa vifuniko vya plastiki. Nyumbani vua vifuniko hivyo na ukaushe chuma kwa kitambaa, maana ndani yake maji hubaki na kutu huanza usiku huo huo.

Kwa ski za kutembelea, kosa kubwa ni buti lisiloshika kwenye ski. Pindua soli. Yenye mifereji miwili myembamba ni ya mfumo wa NNN. Yenye mfereji mmoja mpana ni SNS. Yenye mdomo bapa mbele na matundu matatu ni ya zamani, milimita 75. Haziingiliani. Usiamini kwamba vimefungwa pamoja kwa kamba hivyo vinapatana: bonyeza buti hadi lilie "ta", pale pale kaunta. Urefu wa ski ya mtu mzima ni kimo chake na kama sentimita 20 juu. Mtoto mdogo anayeanza, ya kimo chake inatosha. Fimbo ifike begani au kwapani. Omba ski zisizohitaji nta, zenye magamba kama ya samaki au manyoya mafupi chini ya unyayo. Nta ni elimu ya mwaka wa pili.

Kuna na kipimo cha karatasi. Weka ski mbili sakafuni, simama uzito ukiwa sawa, mtu avute karatasi iliyo chini ya unyayo. Ipite. Hamishia uzito wote mguu mmoja: sasa ibanwe. Isipobanwa, ski ni ngumu kwako, utarudi nyuma kwenye kila kilima.

Helmeti ndipo tunapowapunguzia alama. Si kosa la mtu, ni asili ya vitu vya kutolewa: huwezi kujua ilishagonga nini. Tafuta ufa, bonyeza sponji la ndani, fungua na ufunge kufuli. Ya ski za mlimani iwe na alama EN 1077 ndani. Ya hoki ya watoto iwe na waya unaofunika uso wote. Ukiwa na shaka, acha, chukua nyingine.

Siku 14 zinatosha kwa safari ya shule na kwa sportlov, likizo ya michezo inayoangukia kati ya wiki ya 7 na ya 10 kutegemea mkoa. Usiende Ijumaa ya mwisho, rafu za watoto zitakuwa zimeliwa. Likizo yenu ikiwa wiki ya 8, azima Jumatatu ya wiki ya 7. Siku 14 zinaishia Jumapili ya wiki ya 8. Msimu wa hoki ni habari nyingine, unaanza vuli hadi Machi. Uliza kuhusu kuongezewa muda, na uulize klabu kama ina stoo yake, kwani nyingi huwaazima wanaoanza. Tre Kronors Hockeyskola, shule ya hoki ya shirikisho inayoendeshwa na klabu za mitaa, ndiyo mlango wa kawaida wa watoto.

Kinachowashangaza wageni klabuni ni kazi. Ukilipa uanachama na ada ya mazoezi bado una zamu ya kioski, kuoka mandazi ya mauzo, kupakia watoto wa wenzako garini, na kuuza marobota ya karatasi za choo kwa majirani. Ndiyo, karatasi za choo. Hakuna anayekuonea: ndivyo klabu zinavyoishi, na mzazi anayeshika zamu ya kioski mapema hujulikana kwa jina mapema. Mwombe kiongozi akuonyeshe ratiba ana kwa ana, usitegemee ujumbe wa programu ya simu peke yake.

Vifaa pekee havitoshi, na mji wa Borlänge ulionyesha hilo. Mwaka 2013 vijana wa Kisomali waliokuwa hawajawahi kuteleza waliundiwa timu ya taifa ya Somalia ya bendi, mchezo unaochezwa watu 11 kwa 11 kwenye barafu ya ukubwa wa uwanja wa soka. Walipewa muda wa barafu na kocha, Per Fosshaug, aliyekuwa nyota wa mchezo huo. Januari 2014 walicheza mashindano ya ubingwa wa dunia kule Irkutsk, Urusi. Walifungwa mabao ya kuhesabu kwa kikapu, na viwanja vikawashangilia.

Siku ya kurudisha, funga viatu viwili pamoja kwa kamba zake na umwambie mhudumu kilicholegea au kilichovunjika. Usiponena, kesho kinarudi rafuni kusubiri mguu wa mtoto mwingine.