Tulikodi gari Muscat, Oman, siku 6, tukalipia fowili (gari inayovuta tairi zote nne) tukapewa isiyo fowili

Nianze na pale palipouma. Birkat al Mauz, pale unapoanza kupanda mlima wa Jebel Akhdar, kuna kizuizi cha polisi na kila gari inasimama, gari isiyo fowili hairuhusiwi kupanda kabisa kwa sababu ule mteremko wa kurudi ni mkali na mrefu, breki za gari za kawaida zinaungua. Mimi nimesimama pale na amani yangu yote maana nilibuku fowili na nikalipia fowili. Askari kijana tu, mpole, akaomba leseni na kadi ya gari, akachungulia ndani kwenye gia, akarudi dirishani akasema hii hapana. Nikabisha kidogo, akanionyesha kwenye kadi. Gari yenyewe imeinuka, ina matairi makubwa, ukiiangalia kwa nje huwezi kujua, kumbe inavuta tairi za mbele peke yake. Tukageuza. Mama alikuwa siti ya nyuma na sweta ameshavaa kabisa maana tulimwambia kule juu ni kama mita 2,000 na Januari hii kuna baridi, akasema si kitu wanangu, ila nilimuona kwenye kioo anavyolikunja lile sweta analiweka mapajani. Hiyo safari ya mlimani ndo ilikuwa zawadi yake.

Sasa ilikuwaje. Kwenye buking yangu kulikuwa na picha ya fowili na chini yake maandishi madogo, "au inayofanana nayo". Tumeshuka eapoti ya Muscat usiku tumechoka, jamaa wa kaunta akasema ile imeisha ila kuna nyingine daraja hilohilo, mpya zaidi. Nikauliza inapanda Jebel Akhdar? Akajibu inapanda. Nikasaini. Kosa langu ni hapo, nilitakiwa nimwambie aandike kwenye mkataba kwamba ni fowili, au anifungulie gari nione kitufe chenyewe, maana "inayofanana" kwao ni ukubwa tu na idadi ya siti.

Na kabla ya hapo tulishakaa kaunta karibu lisaa kwa ajili ya kadi. Hawapokei debiti kadi kwa dipoziti, wanataka krediti kadi na jina liwe la dereva mwenyewe, na sisi wa Bongo wengi tunatembea na debiti tu za benki zetu. Bahati mdogo wangu alikuwa nayo, basi ikabidi yeye ndo awe dereva mkuu kwenye mkataba na mimi niongezwe kama dereva wa pili, hela ya ziada tena. Wakazuia riali 200 kwenye kadi yake, riali moja ni kama dola 2.60 kwahiyo piga hesabu. Mtandaoni bei ilikuwa riali 22 kwa siku, weka bima ya kupunguza ile hela unayodaiwa gari ikigongwa, weka dereva wa pili, weka VAT ya 5%, namba uliyokuja nayo kichwani sio unayosaini. Leseni ya kimataifa tulichukua AA (chama cha wenye magari) Dar kabla ya kuondoka na waliiomba kweli, usiende bila.

Kuendesha kwenyewe nimefurahi sana jamani. Barabara safi, pana, mashimo hakuna. Wanapita kulia, usukani uko kushoto, siku ya kwanza kila nikitaka kuwasha indiketa nawasha waipa, na kipilefti unazunguka upande wa pili, mdogo wangu kazi yake ilikuwa kusema "kulia, kulia" kila tukikaribia makutano. Siku ya pili mkono umezoea. Spidi mwisho 120 barabara kuu na tochi zimesimikwa njia nzima, hizi sio za kujificha nyuma ya mti, na picha ikipigwa faini inakuja kwa namba ya gari halafu kampuni inakata kwenye ile kadi. Mafuta mwezi ule, petroli ya M95 ilikuwa baisa 239 lita (riali moja ni baisa 1,000), kama nusu ya bei ya Dar hivi, sheli wanakujazia wenyewe umekaa ndani.

Kwa kuwa mlima umeshindikana tukalala Nizwa, Ijumaa asubuhi tukaenda mnadani wa mbuzi chini ya ngome, mama kidogo akachangamka, halafu tukashika njia ya Sur kupitia Ibra. Karibu na Ibra tairi la nyuma likaisha upepo. Nafungua buti, spea ipo, jeki haipo! Piga ile namba ya dharura waliyosema iko hewani saa 24, inaita mpaka inakata, mara nne. Akasimama mzee mmoja na pikapu, kanzu na kofia, nikaanza kwa Kiingereza changu, akatuangalia, akamsikia mama ananiambia "muulize kama ana jeki", akasema, "Jeki ninayo. Mwatoka Bara au Unguja?" Jamani. Shikamoo zikatoka hapohapo. Kazaliwa mtaa wa Ng'ambo, aliondoka Unguja 1964 akiwa kijana, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Akatusaidia kufunga spea, akatuongoza mpaka kwa fundi, na huko fundi wa pancha wanamwita "banshar", neno ni lilelile tu limevaa kanzu. Riali 1 tairi imezibwa. Mzee alikataa hata maji, akamwombea mama dua, akaondoka. Kampuni niliyoilipa haikupokea simu.

Sur na njia ya pwani kurudi Muscat sina la kulalamika, pitieni Wadi Shab (wadi ni bonde la mto), boti ya kuvuka riali 1 kwa mtu. Ila mkiona mawingu msishuke na gari wadini, maji yanakuja ghafla, na mkataba wetu ulisema wazi bima hailipi gari iliyoingia wadini.

Kurudisha gari, jamaa mwingine akapita na tochi ya simu akaonyesha mkwaruzo kwenye bampa ya mbele. Nilikuwa nimechukua video siku ya kwanza palepale paking, nimezunguka gari yote mpaka rimu na buti, na mkwaruzo ulikuwepo. Akaangalia, akafuta. Bila ile video ningelipa. Angalieni na jeki mkiwa mnarekodi, mimi nilipiga picha buti limefungwa kapeti.

Dipoziti ilirudi baada ya wiki tatu, wanasubiri kwanza kama kuna faini. Kuhusu fowili niliwaandikia barua pepe mara tatu na skrinshoti ya buking, mwisho wakarudisha riali 36, tofauti ya bei kwa siku 6. Nawapa nyota 2, gari ilikuwa safi na AC nzuri, na hela wamerudisha. Mwakani inshallah tunarudi na mama, kampuni nyingine, na kabla sijasaini naikagua fowili mwenyewe palepale paking. Sweta ameliacha kwangu.